Kiraka cha Kijani

Juu ya bango hakuna anayekanyaga na viatu. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya Noreen Tuohy, msimamizi wetu. Ya pili ni kwamba hakuna anayelia juu yake, maana karatasi zile laini zenye mikunjo zikiguswa na tone la maji rangi yake huchujuka. Mwaka fulani, wiki moja baada ya klabu yetu ya mpira, Harcombe, kupigwa vibaya na mahasimu wetu Dunmore, bwana mmoja mwenye mwili wa fahali aliinamia bango jipya akalia, na bawa zima la korongo, nembo yetu, likageuka jeupe. Tangu siku hiyo mwenye machozi huenda jikoni.

Jumamosi ile tulikuwa watu kumi na wanne ndani ya ukumbi wa klabu, tumevaa soksi, kila mmoja na mto chini ya magoti na selotepu mkononi. Bango lilikuwa refu kama mabasi mawili. Kesho yake saa nane mchana lingeinuliwa kwa milingoti na kamba katikati ya uwanja, na wasichana thelathini wangetoka mbio wakalipasua kwa vifua vyao. Kazi ya wiki nzima, na kupasuliwa kwake ni muda wa mtu kupiga chafya. Ndivyo tunavyowapokea wachezaji wetu, na sijawahi kumsikia shabiki akilalamika.

Safari hii ilikuwa zaidi ya kawaida. Harcombe walikuwa hawajawahi kuwa na timu ya wanawake. Kwa miaka sita tulikaa tukiangalia klabu nyingine za Melbourne zikicheza ligi ya wanawake huku sisi tukiandika barua na kukusanya saini nje ya maduka. Sasa ruhusa ilikuwa imetoka, jezi za kijani na krimu zilikuwa zimeshonwa, na majina ya wachezaji wa kwanza yalikuwa siri mpaka Jumapili.

"Nimewaangalia wanaume wakikosa goli miaka sitini na minne," alisema Mavis Drummond, ambaye ana miaka themanini na mmoja na hupiga magoti kuliko sisi sote. "Kabla sijafa nataka kuwaona wanawake wakikosa."

"Hawatakosa, Mavis," mtu akamjibu. "Rosie wetu atakuwepo."

Wote wakanigeukia. Nikainamisha uso kwenye herufi niliyokuwa nabandika. Rosie ni mimi, Rosina Vella, mwalimu wa chekechea, miaka ishirini na minane. Mimi si msemaji. Wazazi wa watoto ninaowafundisha wakinisalimia kwa sauti kubwa nashtuka. Lakini nipe mpira, ule wetu wenye umbo la yai, nami husahau kuona haya. Baba yangu, Censu, mzee wa Kimalta anayeuza vifaa vya mabomba ya maji, husema kwamba Mungu aliponinyima ulimi alinifidia miguu.

Tulioitwa kwenye majaribio tulikuwa arobaini na watano kwa nafasi thelathini. Klabu ilituambia kwamba sote, aliyepata na aliyekosa, tutapigiwa simu Jumamosi hiyo saa kumi alasiri. Simu yangu ilikuwa mfukoni mwa suruali, na kila baada ya herufi mbili niliigusa kupitia kitambaa.

Fergus aliniona nikiigusa. Alikuwa ng'ambo ya ukumbi akikaza kamba za mlingoti, mikono ya sweta imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Kwa kawaida macho yetu yakikutana hunikonyeza jicho moja, taratibu, kama mtu anayefunga dirisha. Siku hiyo alitazama kando. Nilidhani ana wasiwasi kwa ajili yangu, na moyo wangu ukamwendea.

Fergus Tuohy, mwana wa Noreen, na mimi tulikuwa wapenzi miaka mitatu. Alikuwa hajanivisha pete, lakini kwa akina Tuohy pete si kitu. Wao wana viti tisa mstari wa kumi na mbili, upande usiopigwa na mvua, vilivyotoka kwa babu wa babu yao. Mtu akifa ndipo kiti hupatikana. Shangazi Bernadette alipofariki mwaka juzi, Noreen alinikabidhi kadi ya kiti chake, imefungwa kwenye utepe wa kijani wa kuvaa shingoni, mbele ya ukoo mzima, kwenye meza ya Pasaka. Baba yangu alishangaa wenzake wakimshika mkono kumpongeza. Ikabidi nimweleze njiani kuelekea nyumbani kwamba nimeshaposwa.

Na mezani kwao kuna jambo jingine moja. Binamu yao Kieran alioa mwanamke shabiki wa Dunmore. Kila Krismasi mpaka leo Kieran hukalishwa kwenye meza ya watoto. Ana miaka hamsini na mmoja. Wote hucheka, hata yeye hucheka, lakini hakuna aliyewahi kumwita aje kwenye meza kubwa.

Nayasema haya kwa sababu Dunmore walinitaka kwenye timu yao ya wanawake. Walinitaka miaka miwili iliyopita nikakataa, kwa sababu Noreen alisema, akinipakulia viazi, kwamba angependa kuniona nikicheza lakini macho yake hayavumilii nyekundu na kijivu, rangi za Dunmore. Mwaka huu wakanitaka tena. Kocha wao, Petra, alinipigia mwenyewe. Alisema nafasi ni moja, na anataka jibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana, maana kuna msichana mwingine anayesubiri. Alisema pia jambo ambalo nilikuwa najiambia mwenyewe: kwa umri wangu hakutakuwa na mara ya tatu.

Alhamisi nilikwenda kwa Fergus. Tulikaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba yake tukila samaki na chipsi kwenye karatasi. Nikamuuliza moja kwa moja, mimi nisiyezoea kuuliza moja kwa moja.

"Nisaini Dunmore, au nisubiri?"

Alichukua chipsi moja akairudisha. Kisha akaniwekea mkono mgongoni.

"Subiri, Rosie. Usiende kwao sasa, tumefika mlangoni."

Ijumaa saa tano na nusu nilimpigia Petra nikamwambia hapana, kwa sauti yangu mwenyewe.

*

Selotepu iliniishia saa kumi kasorobo. Boksi la selotepu lilikuwa mwisho wa ukumbi, nyuma ya nusu ya kushoto ya bango, ile iliyofunikwa kwa mashuka ya zamani. Nusu hiyo waliibandika Fergus na mama yake peke yao tangu wiki iliyotangulia. Walituambia kuna picha ya korongo na tusiharibu mshangao.

Nilipita pembeni kwa uangalifu. Soksi yangu ikanasa kwenye pindo la shuka, shuka likavutika, na chini yake hapakuwa na korongo. Palikuwa na majina.

Yalikuwa thelathini, kwa herufi za krimu juu ya kijani, yamepangwa kwa alfabeti kama orodha ya darasani. Mimi huita orodha ya darasa kila asubuhi, kwa hiyo jicho langu lilishuka lenyewe mpaka chini, kwenye herufi yangu. TRAN. Kisha KEOGH. Kisha WEBB.

Keogh hakai kati ya Tran na Webb.

Niliinama. Nyuma ya jina hilo kijani kilikuwa tofauti, kimeiva zaidi, kipande cha mraba kilichowekwa juu ya karatasi ya zamani. Karatasi ile huwezi kubandua herufi bila kuichana, kwa hiyo ukikosea unaweka kiraka. Pembe moja ya kiraka ilikuwa haijakazwa. Niliiinua kwa kucha. Chini yake palikuwa na mchaniko, na kwenye mchaniko ilibaki nusu ya herufi A ya krimu.

Sikumbuki niliinukaje. Nakumbuka Fergus akija kwa haraka na soksi zake za kahawia, akivuta shuka kufunika, na mimi nikimwambia kwa sauti ya chini twende jikoni.

Jiko la ukumbi ni dogo. Kulikuwa na joto la tanuri, vipande vya soseji vikiokwa ndani ya unga uliokandwa, na birika kubwa la umeme likinguruma. Alifunga mlango akausimamia kwa mgongo.

"Rosie, nilitaka kukwambia."

"Lile lilikuwa jina langu?"

"Ndiyo."

"Nani alilitoa?"

Alinieleza akiangalia sakafu. Orodha ya kwanza ilimfikia Ijumaa ya wiki iliyopita, na mimi nilikuwemo. Alibandika jina langu kabla ya mengine yote. Alikata herufi zake mara mbili kwa sababu za kwanza hazikumpendeza. Kisha ikaja orodha ya pili. Yule msichana wa Ireland, Saoirse Keogh, alikuwa ameshuka ndege wiki tatu tu zilizopita, na walimpa nafasi ya mwisho. Klabu ilikuwa imemwapisha asimwambie mtu yeyote mpaka simu zipigwe.

Nilimwamini. Nilimwona kabisa, peke yake ukumbini, akikata V ya krimu na ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Kwa sekunde chache nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia. Kisha nikauliza swali lililobaki.

"Orodha ya pili ilikuja lini?"

Birika lilizima lenyewe.

"Lini, Fergus?"

"Jumatatu."

Nilihesabu siku kwa vidole, kama ninavyowahesabisha watoto. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kidole cha nne kilikuwa ngazi za nyuma ya nyumba yake, samaki, na mkono wake mgongoni mwangu.

"Alhamisi ulikuwa unajua," nikasema.

"Nilikuwa nimeapa."

"Sikukuuliza orodha. Nilikuuliza nisaini au nisisaini."

"Nilidhani labda watabadilisha tena. Walishabadilisha mara moja."

"Ungenyamaza tu. Ungesema, fanya unavyoona. Kiapo chako kingebaki salama, na mimi ningekuwa na timu." "Ulisema subiri. Nisubiri nini, Fergus?"

Alikuja akataka kunishika mikono, nikaificha nyuma. Ndipo akasema lililokuwa moyoni mwake, na nadhani hakujua lilivyo mpaka lilipomtoka.

"Ningekaa wapi? Wewe uko uwanjani na nyekundu yao, mama yangu kando yangu, kiti cha Bernadette kitupu. Ningepiga makofi vipi? Nilitaka ukae na mimi, Rosie. Mwaka mmoja tu. Mwakani ungejaribu tena kwetu."

"Mwakani nina ishirini na tisa."

"Si uzee."

"Petra alisema hakuna mara ya tatu, na wewe nilikusimulia."

"Najua."

Aliposema najua, nilimwangalia vizuri. Nywele zake nyekundu zilizokataa kitana, kovu la kidevuni alilolipata akiwa na miaka tisa akiruka uzio kuingia mechi bure, macho yale ambayo kwa miaka mitatu niliyatafuta kwanza kila nilipofunga goli. Yote yalikuwa palepale, na nilikuwa bado nayapenda. Hilo ndilo lililoniuma. Nilidhani mtu akikudanganya, mapenzi huondoka mara moja, kumbe hubaki yamesimama kama mgeni asiyejua kwamba karamu imekwisha.

"Hukutaka nichezee Harcombe," nikamwambia. "Ulitaka nisichezee Dunmore. Nilidhani ni kitu kimoja."

Mlango ulisukumwa nyuma yake. Noreen aliingia na sinia, akatuangalia, akaweka sinia mezani. Aliona kila kitu. Ni mwanamke mwenye akili, na mwema pia, huwezi kumsema vinginevyo. Mama yangu alipolazwa alituletea chakula siku ishirini mfululizo.

"Umeona shuka," akasema.

"Nimeona."

"Pole sana, kipenzi." Alifuta mikono kwenye aproni. "Nilimwambia akwambie Jumatatu ileile. Halafu nikafikiri, acha, kila jambo lina heri yake. Magoti yako yatabaki mazima. Mtafunga ndoa majira ya joto bila ya mtu kutembea kwa mkongojo."

"Na Dunmore?"

Akabana midomo. "Dunmore isingekuwa vizuri kwa yeyote."

"Ingekuwa vizuri kwangu, Noreen."

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumpinga. Alifungua tanuri, akaanza kutoa soseji kana kwamba zilikuwa zinaungua. Hazikuwa zinaungua.

Simu ikalia mfukoni mwangu.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kamili. Nikafungua mlango kwa sababu jikoni hewa ilikuwa imekwisha, nikajikuta ukumbini na simu inalia mkononi, na watu kumi na moja wamesimamisha kazi wakinitazama. Mavis alikuwa ameshikilia mkasi kifuani kama msalaba. Nilitamani kurudi ndani. Lakini ndani walikuwemo wale wawili.

Nikapokea.

Mama mmoja wa ofisi ya klabu alikuwa na sauti laini ya mtu aliyekwisha kupiga simu kama hiyo mara nyingi. Alisema nilicheza vizuri. Alisema ulikuwa uamuzi mgumu kuliko yote, na kwamba mlango uko wazi kwa mwakani. Nilimsikiliza mpaka mwisho ili asione haya, nikamwambia asante kwa kunipigia, nikamtakia mafanikio kesho.

"Rosie?" Mavis aliita.

Nilitikisa kichwa. Mtu mmoja alikohoa. Mavis akaweka mkasi chini polepole, midomo yake inacheza, na nikaona machozi yake yanakuja, na yeye bado kapiga magoti katikati ya kijani.

"Sheria, Mavis," nikamwambia. "Jikoni."

Wakacheka, kicheko kidogo cha watu wanaotaka kulia, na kikanisaidia kutembea. Nilichukua selotepu mpya kwenye boksi. Nilikwenda nusu ya kushoto, nikalikunja shuka mbele ya wote, maana siri ilikuwa haina kazi tena, nikapiga magoti mbele ya jina la Saoirse Keogh.

Fergus alibandika vibaya. Pengine alifanya haraka asiangalie. Kiraka kilichoachwa hivyo upepo huingia chini yake, na bango huchanika likiwa bado linainuliwa, kabla timu haijafika. Kwetu hiyo ni nuksi. Wale wasichana hawakunikosea. Yule wa Ireland hata hanijui.

Nilikandamiza pembe ya kwanza, nikapitisha selotepu. Pembe ya pili. Ile nusu ya A ikafichika. Fergus alikuja akachuchumaa ng'ambo ya bango, na mbele yetu palikuwa na upana wa jina moja tu.

"Nitafanya mimi," akasema. "Acha, Rosie, tafadhali. Niambie nifanye nini."

"Shika hapo kisirudi."

Akashika. Nikabandika pembe ya tatu na ya nne, mpaka karibu kabisa na vidole vyake. Kilitulia. Kutoka jukwaani hakuna ambaye angejua kwamba mahali hapo paliwahi kuwa na jina jingine.

Niliinuka, nikaivua kadi ya kiti shingoni. Fergus alinyoosha mkono kuipokea nikampita, kwa sababu si yeye aliyenipa. Noreen alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Niliuweka utepe wa kijani juu ya kiganja chake, nikafunga vidole vyake juu yake, kama ninavyowafunga watoto vidole nikiwapa kitu wasikiangushe.

"Rosina," akasema. Hakuwahi kuniita jina langu lote. "Watu watasemaje kesho wakiona kiti kitupu?"

"Mpeni Mavis. Amesimama nyuma ya goli miaka sitini na minne."

"Na wewe hutakuja?"

"Nitakuja. Nitasimama pale alipokuwa anasimama Mavis."

Fergus aliniita mara moja, si kwa nguvu. Kama angenifuata sijui ningefanya nini, nasema kweli. Lakini alikuwa bado amechuchumaa, mkono wake juu ya kiraka, akikishikilia nilivyomwambia.

Nilibeba viatu mkononi. Nje baridi ya mwisho wa Agosti ilipenya soksi, zilizokuwa zimeshika vumbi la kijani nyayo zote. Nilitembea kupita maegesho, kupita uzio, kupita bango dogo la klabu lililoandikwa karibuni wasichana wetu, mpaka kwenye ukingo wa barabara ambako hapakuwa na karatasi yoyote ya kuharibu. Ndipo nikakaa chini, nikalia.